Ghala Lililosahau Ijumaa

Asia binti Salumu alianza kukataa mambo kabla hajaota meno yote. Alikataa uji usio na chumvi. Alikataa kubebwa mgongoni akitaka kutembea, na kutembea akitaka kubebwa. Alipoingia darasa la pili alikataa kuandika kwa mkono wa kulia mpaka mwalimu akachoka, akamwachia mkono wake wa kushoto. Mama yake, Mwanakombo, aliyatazama hayo yote kwa hofu. Yeye aliacha shule darasa la nne, na tangu hapo alishika jambo moja: mtu mdogo akitaka kukaa salama, asisimame mahali anapoonekana. Halafu akazaa mtoto wa kusimama katikati ya mlango.

Mtoto huyo alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akapata kazi hukohuko, na baada ya mwaka mmoja na nusu akarudi Mtwara na begi moja. Bosi wake alimtaka awaambie wateja kwamba kazi imekamilika, naye alijua haijakamilika. Akakataa. Mwanakombo alipoisikia habari hiyo alimpakulia binti yake ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa kumtazama anavyokula, akawaza: na huku nako atakataa nini?

Huku alipata kazi kwenye yadi ya malori, kwa mkataba wa msimu. Ilikuwa yadi ileile ambayo Mwanakombo aliuza chakula nje ya geti lake kwa miaka tisa. Malori yanayoshuka na korosho kutoka Newala, Tandahimba na Masasi hayaendi bandarini moja kwa moja. Yanangoja yadini mpaka yaitwe. Yadi yenyewe haikuwa na mpango. Lori lilipaki popote lilipopata upenyo, hivyo lililofika mwanzo lingeweza kuwa kwenye kona ya mwisho kabisa, nyuma ya choo. Zamu ilikuwa haionekani kwa macho. Ilikuwa kwenye orodha. Zamani orodha ilikuwa daftari, na daftari hilo liliwahi kuchanwa, likawahi kulowa chai, na mara moja lilikwenda mpaka Nanyamba kwapani mwa dereva aliyekasirika.

Asia ndiye aliyeondoa daftari. Aliandika programu ya zamu, akaweka kompyuta tatu ofisini zinazogawana kumbukumbu. Umeme wa moja ukikatika, mbili zilizobaki zinajua kila lori na zamu yake. Wenye kazi hiyo huita kumbukumbu ya namna hiyo ghala la data, na Asia alisema "ghala" tu, kama mtu anayesema ghala la mpunga. Kwenye geti alikaa Helena, karani, akiwa na kishikwambi chake. Anagusa kioo, lori linaitwa. Madereva wakazoea. Ngumi zikapungua.

Kisha kampuni ikafungua yadi ya pili, Masasi.

Mkuu wa yadi alikuwa Godfrey, mtu wa Iringa aliyepanga nyumba Shangani na aliyekuwa akikimbia mazoezi ufukweni kila jioni. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimwamkia Mwanakombo, "Shikamoo, Mama Asia," na Mwanakombo alijibu, "Marahaba, bosi." Mchana akija kula hakupanga foleni na wenzake. Mwanakombo mwenyewe ndiye aliyemwita mbele, "Bosi pita, bosi pita," akimpakulia kabla ya watu waliotangulia. Hiyo ilikuwa njia yake ya kumlinda binti yake. Kipande cha samaki cha katikati kilikuwa cha Godfrey.

Dirisha la ofisi lilitazamana na jiko lake, kwa hiyo siku Godfrey alipomwita Asia, Mwanakombo alisikia kila neno.

"Masasi watatumia ghala jingine," Godfrey alisema. "Lipo Dar, tunalifikia kwa intaneti. Makao makuu wameshakubaliana na wenye nalo. Sasa wewe chukua programu yako, uitoe nakala. Hii ya hapa iongee na ghala la hapa, ile ya Masasi iongee na ghala la Dar. Wiki moja inatosha."

"Halafu wakifungua Lindi na ghala la tatu?"

"Utatoa nakala ya tatu."

"Na nikiona kosa kwenye moja, nilirekebishe mara tatu?"

"Ndiyo kazi yako, Asia."

"Si kazi yangu kushona shati moja mara tatu. Nitatengeneza programu moja, na katikati niweke tabaka. Programu itaongea na tabaka, na tabaka litaongea na maghala. Likija la tatu, la nne, programu haitajua wala haitajali."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Mimi nimesema saba."

"Na mimi nimesema kumi, bosi."

Mwanakombo alitamani kuingia amfunike mdomo kwa kanga. Badala yake akageuza samaki ambaye alikuwa bado hajaiva upande wa chini, akamvunja.

Alasiri, wateja walipopungua, Asia alikuja kukaa kwenye benchi karibu na jiko, akaanza kumenya ming'oko, vile viazi mwitu vya kuchemsha, kutoka kwenye sahani ya mama yake bila kuomba.

"Mwanangu," Mwanakombo alisema, "mkataba wako unakwisha na msimu. Mtu amekwambia andika mbili, si uandike mbili? Vidole ni vyako, vinakuuma nini?"

"Mama, unamkumbuka bibi na mbegu zake?"

"Nimsahau mama yangu?"

Bibi huyo, Sabra, aliishi Kitaya, kule ambako mto Ruvuma ukijaa unaingia mashambani bila kubisha hodi. Kwa sababu ya mto huo hakuweka mbegu mahali pamoja. Nyingine zilikaa darini juu ya meko yake, nyingine kwa kaka yake kilimani, nyingine kwa jirani. Na mtu wa nyumba ile hakuruhusiwa kwenda kujichotea, awe mkubwa au mtoto. Ukitaka mbegu unamwambia yeye.

"Mimi nilikuwa nasema, bibi, nipe mbegu za kunde," Asia alisema. "Anatoa. Sijui zimetoka darini, sijui zimetoka kwa babu. Mwaka ule mto ulipobeba nyumba ya jirani, mimi sikujua kama mbegu zilihamishwa. Niliomba, nikapewa. Sasa hilo tabaka ninalolisema ndiye bibi. Programu inaomba, nihifadhie lori hili, nipe lori linalofuata. Kujua limetoka wapi si kazi yake. Ghala likibadilika, mimi nabadilisha neno moja tu kwenye mpangilio, tunaendelea."

Mwanakombo alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umemwona bibi akitoa tu, hukumwona akiweka. Mama yangu alijua tabia ya kila mahali. Darini moshi unakausha, mbegu inakaa hata miaka miwili. Kwa mjomba kuna unyevu, hakuacha kitu huko kupita masika. Na kwa jirani aliacha zile tu ambazo hata zikiliwa hatogombana na mtu."

"Kompyuta hazina unyevu, mama."

"Zina nini, basi?"

"Zinahifadhi. Ghala ni ghala."

Mwanakombo hakujua kompyuta. Lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba mdogo wa samaki.

Godfrey alikubali siku kumi, kwa shingo upande, tena akaweka masharti yake. Siku zikiisha, ghala la Dar lijaribiwe hapohapo Mtwara wiki nzima kabla ya Masasi kufunguliwa. Na kompyuta tatu za ofisini zizimwe siku ya kwanza ya majaribio. "Sitaki tushike hiki na kile," alisema. "Tukihama, tuhame."

Asia alimaliza siku ya tisa. Jumatatu Helena alianza kuita malori kutoka ghala la Dar, na hakuna dereva aliyeona tofauti. Jumanne hivyohivyo. Jumatano umeme ulikatika mji mzima, jenereta likanguruma, zamu zikaendelea kama kawaida. Godfrey akala samaki wake huku akitabasamu.

Ila Alhamisi asubuhi, wakiwa kwenye bajaji kutoka nyumbani kwao, Magomeni ya Mtwara, Asia alimwambia mama yake jambo.

"Zile kompyuta tatu sijazizima."

"Umesemaje?"

"Tabaka linaandika kote kuwili. Dar na hapa. Kuomba linaomba Dar, lakini kila linachoweka huko linaweka na hapa."

"Si amekwambia uzime?"

"Amesema. Mimi sijazima."

"Na akijua?"

"Akijua atajua, mama. Ghala nimelifahamu siku nne, unataka nilikabidhi watu wote hawa na nifunge mlango nyuma yangu?"

Dereva wa bajaji aligeuka kuwatazama. Mwanakombo akajivuta kanga kichwani kama vile mvua imeanza.

Ijumaa ikafika.

Yadi ile ilikuwa na desturi yake, ambayo haikuandikwa popote. Ijumaa, karibu na saa sita, madereva Waislamu walikwenda kwenye bomba la nyuma kutia udhu, kila mmoja na dumu lake dogo la maji. Wakimaliza hawarudishi dumu ndani ya lori. Wanaliweka juu ya bampa la mbele, kisha wanakwenda msikitini. Dumu kwenye bampa maana yake ni moja: mwenyewe yuko kwenye sala, zamu yake iko palepale. Mpaka madumu yaondolewe, hakuna lori linaloitwa wala linalosogea. Hata Josephu, dereva wa Mbeya aliyesali Jumapili na kuimba kwaya, saa hizo alizima injini, akanyoosha miguu kivulini. "Na mimi Pasaka mtaningoja," alikuwa akiwaambia, na kweli walimngoja.

Siku hiyo Mwanakombo aliyahesabu madumu, kama alivyofanya kila Ijumaa ili ajue wali wa kutosha. Yalikuwa kumi na tisa. Yadini kulikuwa na malori ishirini na saba.

Hotuba ilikuwa ndefu, na baada ya sala kulikuwa na maiti ya kusaliwa. Saa nane ikakaribia madumu yakiwa bado kwenye mabampa. Ndipo Mwanakombo alipomwona Helena akigusa kishikwambi, akakikunjia uso, akakipangusa kwa sketi, akakigusa tena.

"Kaka Josephu, hebu njoo," Helena aliita. "Orodha imefutika. Haina hata lori moja."

"Mimi nilikuwa wa kumi na tisa."

"Sijui, kaka. Tuanze upya. Nitajie namba ya gari."

Josephu alisitasita, lakini wenzake waliobaki yadini walishasogea, na mtu akiona watu wanaandikisha naye huandikisha. Wanane wote wakataja namba. Mwanakombo alisimama na upawa mkononi. Miaka tisa hakuwahi kuona mtu akiandikwa zamu huku madumu yamekaa kwenye mabampa. Alitaka kusema. Akarudi kukoroga mchuzi.

Waliokwenda msikitini waliporudi, wa kwanza kufika getini alikuwa Rajabu, dereva wa Tandahimba, mwenye maneno mengi hata siku za amani.

"Dada Helena, niite. Mimi wa tatu."

"Kaka Rajabu, taja namba ya gari nikuandike. Utakuwa wa tisa."

"Wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Nimekwenda kusali wa tatu, nimerudi wa tisa! Kwani msikitini kuna faini siku hizi?"

Ndani ya dakika kumi geti lilikuwa limejaa. Mmoja alisema hii imepangwa. Mwingine alisema kwa nini iwe Ijumaa, kwa nini wasifute Jumanne? Josephu alijaribu kueleza kwamba hakutaka, akaambiwa, "Wewe wa kwanza nyamaza." Watu waliokula sahani moja jana walianza kutazamana kwa dini zao. Mwanakombo aliona hilo kabla ya wote.

Godfrey alitoka ofisini, na nyuma yake Asia.

"Hii nini, Asia?"

Asia alichukua kishikwambi, akasoma, akarudi kwenye kompyuta yake dirishani, akasoma tena kwa muda. Mwanakombo alimwona akibadilika rangi ya midomo.

"Limesahau," Asia alisema.

"Nani?"

"Ghala la Dar. Kitu kisichoguswa kwa saa moja linakitupa, ndivyo lilivyozoea. Siku nyingine Helena mchana, na mwenzake usiku, huita kila nusu saa, na lori moja likiitwa programu inasogeza yote, kwa hiyo yote yanaguswa. Leo hakuna aliyegusa kitu tangu saa sita."

"Kwa hiyo," Rajabu alisema kwa sauti kutoka getini, "mtu akikaa na Mola wake saa mbili, ghala linadhani amekufa?"

Wachache walicheka. Godfrey hakucheka.

"Nilikwambia tuongee na ghala moja kwa moja," alisema mbele ya watu wote. "Ukaleta tabaka. Haya, tabaka lako liko wapi sasa?"

"Tungeongea nalo moja kwa moja lingesahau vilevile. Tofauti yake usingekuwa na pa kuuliza." Asia akaketi. "Nipishe kidogo, bosi, unaniziba mwanga."

Alifungua mpangilio, akafuta neno moja, akaandika jingine kwa mkono wake wa kushoto. Hakugusa kitu kingine. "Helena, fungua."

Helena alifungua. Akaanza kusoma kwa sauti, na sauti ikawa inapanda. Malori ishirini na saba. Rajabu wa tatu. Josephu wa kumi na tisa.

"Na sisi tulioandikishwa upya?" Josephu aliuliza.

"Ghala la hapa lililetewa namba zenu mara ya pili likazikataa, kwa sababu lilikuwa nazo. Mko mlipokuwa."

"Afadhali," Josephu alisema, akakaa chini palepale. "Kuwa wa kwanza kulikuwa kunanichoma."

Pangetulia hapo. Lakini Godfrey alikuwa ameanza kuelewa.

"Ghala la hapa," alisema taratibu. "Nilikwambia ulizime."

"Ulisema. Sikulizima."

"Kwa hiyo siku tano umekuwa ukinidanganya."

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia."

"Jumatatu ulete barua ya maelezo. Na hilo tabaka litoke. Uandike kama nilivyosema mwanzo."

Asia alisimama. Alikuwa mfupi kuliko Godfrey kwa kichwa kizima. "Kosa la kusahau ni langu, na nitaliandika kwa jina langu. Niliamini ghala ni ghala, sikuuliza lina tabia gani. Niliambiwa nikabisha." Hapo alimtazama mama yake dirishani. "Lakini tabaka silitoi. Ukitaka litoke, tafuta mtu wa kulitoa, halafu hawa madereva uwaeleze wewe."

Mwanakombo hakukumbuka baadaye aliingiaje ofisini. Alijikuta ndani, upawa unadondosha mchuzi kwenye sakafu.

"Baba Godfrey," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutomwita bosi. "Mimi sijui kompyuta. Mimi najua madumu. Leo yalikuwa kumi na tisa, hayajaondolewa, na watu wakaandikwa. Niliona, nikanyamaza, na mimi kosa langu ni hilo. Lakini ghala ulilolitaka wewe ndilo lililosahau. Ulilosema lizimwe ndilo lililokumbuka. Barua ya maelezo anaandika nani hapo?"

"Mama Asia, haya ni mambo ya ofisi."

"Na wali wangu mbona unaulia ofisini?"

Nje watu waliangua kicheko. Rajabu aligonga geti kwa kiganja. "Lori langu halisogei mpaka nijue! Ijumaa ijayo nikienda kusali nitarudi wa ngapi?"

"Na langu," Josephu alisema kutoka chini.

Godfrey alitazama dirishani, akatazama kompyuta, akajifuta shingo. "Ijumaa ijayo tunajaribu tena. Ghala la Dar, hilohilo, kwa sababu Masasi wanalisubiri. Lori moja tu likipoteza zamu, tabaka linatoka, na Asia naye anatoka."

"Sawa," Asia alisema.

"Na yasipopoteza?" Mwanakombo aliuliza.

Godfrey alikuwa ameshageuka.

"Jibu, baba. Yasipopoteza?"

"Atabaki. Na tabaka lake litabaki."

"Helena, umesikia," Mwanakombo alisema, akatoka, akarudi kwenye sufuria zake.

Wiki ile Asia hakuandika sana. Aliuliza. Kila alasiri alikaa kwenye benchi akamtaka mama yake amweleze upya, bibi alipokuwa anampa mtu mbegu amtunzie alimuuliza nini kwanza. Mwanakombo alishangaa jinsi alivyokuwa na mengi. Bibi aliuliza panavuja? Aliuliza nani mwingine ana ufunguo. Aliuliza, wakija wawili kwa wakati mmoja na kila mmoja anataka pishi ileile ya mwisho, utampa nani? Na kabla ya kuacha gunia aliacha kwanza konzi moja, akarudi baada ya mwezi kuitazama.

"Konzi," Asia alisema. "Ngoja hapo."

Akaenda kuandika. Tangu siku hiyo tabaka halikukubali ghala lolote kwa kuambiwa tu. Kwanza lililikabidhi lori la uongo, likaliacha kwa saa tatu bila kuligusa, kisha likaliomba. Ghala lisiporudisha halipewi malori ya watu. Asia aliliita jaribio hilo Ijumaa, na jina likabaki hivyo ndani ya programu. Yakafuata majaribio mengine, la wawili kuja pamoja, la intaneti kukatika katikati ya sentensi. Ghala la Dar lilipofeli mara ya kwanza, aliingia kwenye maelezo yake akakuta kwamba linaweza kuamriwa lisisahau. Hakuna aliyewahi kuliamuru. Sasa tabaka liliamuru lenyewe, na halikuamini mpaka limejaribu.

Ijumaa ya pili Mwanakombo alitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi na hakuna aliyethubutu kumwambia. Saa sita kasoro madumu yalipangwa, ishirini na mbili. Ndipo Asia alipofanya jambo ambalo mama yake hakulitazamia. Alitoka na nyaya tatu mkononi. Alikuwa amezichomoa kompyuta za ofisini, zote, akaziweka nyaya zile mezani kwa Helena, mbele ya Godfrey.

"Leo nimezima," alisema. "Mtu asije akasema kuna mahali nimejificha."

Mwanakombo alizitazama nyaya zile. Mtoto huyu! Lakini hakwenda kumfunika mdomo. Alikoleza moto, akasimama mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona.

Godfrey alivuta kiti akakaa kando ya Helena. Saa sita na nusu. Saa saba. Hakuna injini iliyonguruma. Josephu alilala kivulini, jicho moja limefunguka. Saa saba na nusu Helena alinyoosha kidole kuelekea kishikwambi, na Mwanakombo akapaza sauti kutoka jikoni, "Usiguse!" Kidole kikarudi.

Saa nane kasoro wakaanza kuingia, kwa makundi, kimya kuliko kawaida. Hakuna aliyeondoa dumu lake. Walisimama getini wote. Rajabu alikuja mbele.

"Dada Helena. Leo niko wapi?"

Helena alimtazama Godfrey. Godfrey akatikisa kichwa kukubali. Helena akagusa kioo.

"Wa nne."

"Nilipoondoka nilikuwa wa ngapi?"

"Wa nne."

Rajabu hakusema neno, jambo ambalo yadi ile haikuwahi kulishuhudia. Alikwenda kwenye lori lake, akachukua dumu kwenye bampa, akamwaga maji yaliyobaki chini ya gurudumu. Wengine wakafuata. Helena alisoma orodha yote, namba kwa namba, na hakuna aliyepinga hata moja. Asia alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi, katikati kabisa, kama kawaida yake, mikono kiunoni. Godfrey alizichukua zile nyaya mezani, akamrudishia.

"Masasi utawawekea lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Neno moja tu."

Kisha watu wakakumbuka njaa. Foleni ya watu watano wa kwanza ikajipanga mbele ya sufuria za Mwanakombo, Josephu mbele, Rajabu nyuma kabisa. Godfrey alikuja kama alivyozoea, akapita pembeni ya watu wote mpaka kwenye meza, akanyoosha sahani.

Mwanakombo alikitazama kipande cha samaki cha katikati. Akakichota, akakiweka kwenye sahani ya Josephu.

"Foleni, baba," alisema. "Wewe ni wa sita."

Godfrey alisimama kidogo na sahani yake hewani. Halafu akarudi nyuma, akajipanga nyuma ya Rajabu, na Rajabu akageuka kumwuliza, kwa upole sana, kama ana dumu la kuacha kwenye bampa.